Diwani na Kilo Zake

Jumanne, 8 Julai 2025

Nimerudi kutoka Muleba na punda. Mtoto wa punda, dume. Izimbya nzima hakuna mwingine. Hata baiskeli ya gia mimi Karugendo nilikuwa wa kwanza kuileta hapa. Ilitumbukia mtoni, lakini wa kwanza ni wa kwanza.

Ilikuwa hivi. Mke wangu Vestina alinituma nimpeleke mbuzi wake kwa binti yetu Penina, Muleba, kwa ajili ya kipaimara cha mjukuu mwezi ujao. Sokoni nikamkuta mchuuzi wa chumvi wa Biharamulo amekaa na huyu mtoto. Mama yake kagongwa na lori barabarani. Mchuuzi akasema ana miezi sita na hajui amfanye nini. Mimi nilijua. Wenye akili tunajua haraka. Akachukua mbuzi, nikachukua punda. Kwa Penina sikupita, nilikuwa na haraka.

Tumekuja naye kwenye pikapu, katikati ya mikungu ya ndizi. Njia nzima alikuwa ameingiza pua kwenye kwapa langu. Nimempa jina Diwani. Masikio makubwa, hasikii mtu.

Vestina alikuwa amesimama mlangoni na simu mkononi. Penina alikuwa amekwishapiga kuuliza mbuzi yuko wapi. Vestina akamzunguka Diwani mara moja, taratibu.

"Baba Penina," akasema, "huyu ni punda au ni mbavu?"

Kisha akatoa hukumu. Jumatatu Joyness, afisa mifugo wa kata, anakuja kumwangalia ng'ombe wetu Bihogo. Joyness anawafahamu akina mama wa Nshamba wanaofuga punda wa kubebea maji. Wale watampokea mtoto na kutoa mbuzi. Kwa hiyo Diwani akinenepa, abaki. Asiponenepa, Jumatatu anaondoka na mbuzi anarudi.

Anenepe kwa siku sita! Mwanamke huyu hajui anazungumza na nani.


Jumatano, 9 Julai

Chakula. Nimemwandalia mwenyewe. Maganda ya ndizi, ambayo Bihogo huyapigania. Diwani kayanusa, kapiga chafya. Matoke ya kuchemsha, bila chumvi. Kayanusa, kaniangalia kama nimemtukana. Nimemwekea maharage juu. Maharage kala kuku.

Jirani yangu Ildefons alikuwa ameegemea mgomba mwembamba kwenye mpaka wetu, anatazama. Huyu mtu ana ng'ombe wa kisasa mmoja na tangu ampate hajawahi kukaa nyumbani kwake, muda wote yuko mpakani. Akauliza kama ninapika kwa ajili ya mgonjwa au ninafanya matanga mapema. Sikumjibu. Nilimwambia tu kwamba ng'ombe wake ana miguu kama ya meza.

Jioni jumuiya ilikuja kusali kwetu. Vestina bado anatandika nyasi sebuleni kama mama yake alivyokuwa anatandika, nyasi laini, zinanukia vizuri, wageni wanakaa juu yake. Tukafika kwenye Salamu Maria. Wote macho chini. Diwani akaingia mlango wa nyuma, akaanza kula sakafu.

Alikula kutoka mlangoni hadi kwenye magoti ya katekista. Alikula vizuri! Sijaona mnyama anakula hivyo. Katekista akasogea, Diwani akasogea. Mimi peke yangu nilimshukuru Mungu kwa moyo wote jioni ile.

Vestina amesema nyasi zile alizifuata mwenyewe kwa mguu mpaka bondeni. Nimemwambia kesho afuate nyingine nyingi zaidi. Amekwenda kulala.


Alhamisi, 10 Julai

Nimegundua kosa. Huyu ni mtoto, anataka maziwa! Na mimi ninaye Bihogo, ambaye ndama wake amekua na maziwa bado anayo.

Bibi yangu alinifundisha. Ng'ombe akikataa ndama, unampaka ndama chumvi mgongoni. Ng'ombe analamba, analamba, moyo unalainika, anakubali. Nikampaka Diwani chumvi yote iliyokuwa ndani ya nyumba. Nikampeleka zizini.

Bihogo akalamba. Ulimi ule ni kama msasa. Diwani akafumba macho, midomo ikaning'inia, akalala usingizi akiwa amesimama. Raha tupu. Nikamsukuma kuelekea kiwele. Bihogo akageuka, akaona masikio.

Teke lilinikuta mimi. Paja la kushoto. Diwani hakuguswa, alikuwa bado amesinzia.

Ninaandika nimekaa upande mmoja. Mchana tumekula maharage bila chumvi. Vestina ameeleza sababu kwa kila aliyepita barabarani. Lakini nimemkuta nyuma ya nyumba anamsugua Diwani shingo mahali ambapo ulimi wa Bihogo haukufika. Nilipokohoa akaacha.


Ijumaa, 11 Julai

Ushindi! Tumbo limetoka!

Leo asubuhi nimemtazama kwa upande. Tumbo la mviringo, limening'inia, kama la mkandarasi wa barabara. Siku tatu tu! Ni machicha ya rubisi, pombe yetu ya ndizi. Jana jioni nilimpa nusu debe ya machicha yaliyobaki baada ya kukamua pombe, yale yenye mtama. Alikula, akatembea kiupandeupande, akalala. Na sasa ana kitambi.

Ni kweli mbavu bado zinaonekana. Na shingo ni nyembamba. Na manyoya yamesimama kama ya paka aliyenyeshewa. Lakini unono huanza tumboni, kila mtu anajua hivyo. Hata mimi ulianzia hapo.

Nikamwita Ildefons aje aone. Akatazama muda mrefu. Akasema hilo tumbo halimpendezi. Nikamwambia wivu haumpendezi yeye. Akasema kwa macho yake Diwani hafiki kilo za gunia la kahawa ya maganda. Nikamwambia gunia analizidi. Akasema basi kesho tumpeleke kwenye mizani ya chama cha ushirika, kila mtu aone.

Nikasema sawa. Mdomo wangu ulisema. Mimi mwenyewe nilikuwa bado ninafikiria.

Gunia ni kilo sitini.


Jumamosi, 12 Julai

Mimi nimeuza kahawa miaka hamsini. Mkulima wa kahawa anajua mizani kama padri anavyojua misa. Sitasema mengi.

Alfajiri nilimvalisha Diwani koti langu kubwa, lile jeusi la kuendea misibani. Niliwaambia watu ana kifua, baridi ya Julai ni mbaya kwa yatima. Ndani ya koti kuna mifuko minne, miwili niliishona mwenyewe jana. Ndani ya mifuko kuna mawe. Na kwenye mfuko wa mgongoni kuna pasi ya mkaa ya Vestina, ile nzito ya chuma.

Foleni ya kahawa ilikuwa ndefu. Watu wakatupisha. Wengine walivua kofia, nadhani kwa sababu ya koti. Karani wa mizani, Elieza, akasema kazi yake ni kahawa. Nikamwambia aandike ni kahawa yenye masikio. Watu wakacheka, akakubali.

Diwani akapanda. Nikapanda mguu mmoja kando yake ili nimtulize, maana mtoto anaogopa chuma. Ildefons akalalamika kuhusu koti. Elieza, mtu wa haki, akasema atatoa kilo mbili za koti. Akasoma. Akatoa mbili. Sitini na tatu!

Foleni nzima ikapiga makofi. Ildefons akainama, akasoma mwenyewe. Akarudia kusoma. Akanipa mkono. Alisema alikuwa amenidharau, na kwamba ni kweli mnyama asihukumiwe kwa macho. Nilimsamehe mbele ya watu wote.

Vestina alipopata habari akachemsha matoke na nyama. Akasema labda sikukosea sana. Miaka arobaini na nne nimelisubiri neno hilo.


Jumapili, 13 Julai

Vestina ametafuta pasi kabla ya kanisa. Nimemsaidia kutafuta. Tumetafuta chini ya kitanda, jikoni, mpaka kwenye kihenge. Amekwenda misani na gauni lenye mikunjo, kitu ambacho hakijawahi kutokea.

Diwani ni mnyonge leo. Machicha hataki. Amesimama ameinamisha kichwa. Atakuwa amechoka na sifa.


Jumatatu, 14 Julai

Joyness alikuja saa nne. Binti mdogo, buti kubwa. Akaniamkia vizuri kama baba yake, "Shikamoo tata," akamwangalia Bihogo, Bihogo mzima. Halafu nikamleta Diwani, tumbo mbele. Vestina alikuwepo. Ildefons pia, kama kawaida yake.

Nikasubiri sifa.

Joyness akampapasa tumbo. Akamfunua ufizi, mweupe kama karatasi. Akavuta manyoya kidogo, yakatoka. Akaniuliza mavi yake yakoje. Nikamwambia mazuri sana. Akaenda kuyatazama mwenyewe kwa kijiti.

Minyoo. Tumbo lote lile ni minyoo! Akasema mtoto anakula, minyoo inashiba. Ndiyo maana mbavu ziko nje na tumbo limejaa. Akasema machicha ya pombe nisimpe tena kamwe. Nyasi nzuri, pumba kidogo, maji safi, chumvi ya kulamba. Vestina akasema chumvi ameshalambwa.

Kisha akatoa dawa ya kunywesha na bomba la plastiki. Akasema dawa inapimwa kwa kilo za mnyama. Utepe wake wa kupimia kifua ameusahau Nshamba. Akauliza kama kuna mtu anayeweza kukadiria uzito.

Mimi nilikuwa bado sijafungua mdomo. Ni Ildefons. Amesema bila shaka yoyote: kilo sitini na tatu, mizani ya chama, ameisoma kwa macho yake mwenyewe mara mbili. Alisema kwa fahari kabisa, kama vile punda ni wake.

Joyness akamtazama Diwani, akanitazama mimi. Akasema yeye angesema chini ya hapo. Akaniuliza kama nina hakika, maana mnyama dhaifu ukimzidishia dawa, minyoo yote inakufa kwa mkupuo, inaziba utumbo, na hapo hakuna la kufanya. Atakufa.

Ildefons alikuwa ananitazama. Vestina alikuwa ananitazama, na kwa macho mazuri. Nikasema mizani ya Elieza ina mhuri wa serikali.

Joyness akavuta dawa ya kilo sitini na tatu kwenye bomba. Akasema tumpe kesho asubuhi kabla hajala. Habari ya Nshamba akasema isubiri, mnyama wa hali hii hasafirishwi. Akapanda pikipiki akaenda kwenye kijiji kingine.

Chakula cha jioni sikukimaliza.


Jumanne, 15 Julai

Niliamka na mpango. Dawa ingemwagika kidogo kwa bahati mbaya. Mzee anatetemeka mikono, nani atamlaumu? Tatizo ni kwamba Vestina alimwita Ildefons aje ashike kichwa, kwa kuwa ana nguvu.

Nikachukua bomba. Nikatetemeka. Ildefons akanishika kiwiko, akasema pole pole, mzee mwenzangu, dawa hii ni ya thamani. Nikapiga chafya kubwa. Vestina akalidaka bomba hewani, sijui kajifunza wapi. Hakuna hata tone.

Nikasema labda tungoje mwezi uandame. Vestina akasema nisilete ushirikina asubuhi.

Basi nikamsogelea Diwani. Kwa Bihogo huwa tunapigana ndipo anywe dawa. Watu wawili, kamba, matusi. Diwani alinitazama tu. Akaingiza pua kwenye kwapa langu, akaitoa, akafungua mdomo mwenyewe. Bila kamba. Hakuna mtu aliyemwambia.

Mkono wangu ulikataa. Kweli kabisa, ulikataa.

"Lile koti," nikasema, "linazidi kilo mbili."

"Linazidi kwa ngapi?" Ildefons akauliza.

"Lina vitu ndani."

Ildefons akakiachia kichwa cha Diwani.

"Vitu gani, Baba Penina?" Vestina akasema.

"Pasi yako iko salama."

Sitaandika yote yaliyofuata. Kwanza Vestina alikwenda kuleta koti. Ildefons akatoa mawe, moja moja, akiyapanga chini kama mtu anayepanga mafiga. Ikatoka pasi. Vestina akaishika pasi kifuani. Ildefons akasema basi, kumbe ndiyo hayo, sasa tutoe uzito wa mawe tupate kilo za kweli.

Nikasema kwa sauti ndogo kwamba na mguu.

"Mguu gani?"

"Wa kwangu. Ulikuwa kwenye mizani."

Nilidhani Ildefons atacheka. Alikaa chini. Akasema yeye jana aliapa mbele ya mtaalamu. Akasema kama mnyama angekufa, angekufa kwa ushahidi wake. Hilo sikuwa nimelifikiria. Nikamwambia pole. Sijawahi kumwambia pole tangu ule mgogoro wa mpaka, na wakati ule nilikuwa na haki.

Tukarudi kwenye mizani. Foleni ileile, siku nyingine. Diwani uchi, bila koti. Vestina akanishika mkono kama mtoto, nisikaribie. Elieza akasoma: arobaini na nne. Mtu mmoja kwenye foleni akauliza kama punda alikuwa anaumwa hata akaisha hivyo kwa siku tatu. Ildefons akamjibu kwamba mizani ilikuwa na hitilafu Jumamosi. Elieza akafungua mdomo, Ildefons akamtazama, Elieza akaufunga.

Sijui kwa nini alifanya hivyo. Nitamchunguza.

Vestina akampigia Joyness. Joyness akamwelekeza: aimimine dawa kwenye chupa mpaka ibaki alama fulani, na kwa hali ya ufizi ule aipunguze tena, ampe nusu, baada ya wiki mbili ampe nyingine. Vestina akapima. Nikamnywesha mimi. Diwani akameza, akanilamba kidole, hakujua kwamba nilikuwa nakaribia kumuua.


Alhamisi, 17 Julai

Imetoka! Sitaeleza, ila ni mingi na mirefu na myeupe. Nimewaita majirani watazame. Wengine hawakukaa sana.

Diwani jana hakula kitu. Alilala chini, akawa anageuza kichwa kutazama ubavu wake. Vestina alikaa naye kwenye majani tangu asubuhi, akampangusa pua kwa maji ya uvuguvugu. Nilipoleta kiti akasema hataki kiti, anataka mtu wa kumpumzisha. Tukapokezana. Hatukuzungumza habari ya koti. Tulizungumza habari ya Penina alipokuwa mchanga na ile surua. Zamu yangu ilipofika, Diwani aliweka kichwa juu ya paja langu la kushoto, lile la teke. Liliuma sana. Sikusogea.

Leo adhuhuri kasimama. Kaenda moja kwa moja sebuleni. Kala nyasi zote. Vestina alisimama mlangoni akitazama, halafu akachukua mundu akaenda bondeni kukata nyingine.

Jioni Ildefons alileta pumba kwenye ndoo, akaiweka mpakani, akaondoka kabla sijamwambia kitu.


Jumamosi, 19 Julai

Joyness amepiga simu. Akina mama wa Nshamba wako tayari, mbuzi yupo, aje lini kumchukua?

Nilikuwa ninajifanya kurekebisha mpini wa jembe. Vestina akamwambia hapana. Akasema huyu mtoto amekwishazoea nyasi zake. Habari ya mbuzi wa kipaimara, akasema, mume wake ana koti jingine zuri la suti, na Penina anajua mtu wa kulinunua.

Koti langu la suti! Nimelia ndani ya moyo. Nikaenda kumwambia Diwani kwamba anabaki. Alikuwa anakula ncha ya kamba.


Jumanne, 29 Julai

Wiki mbili zimetimia. Leo dawa ya pili.

Diwani ni mwingine. Tumbo limepanda, mbavu zinajificha, manyoya yamelala. Anakimbia kwenye kibanja chetu cha migomba anawafukuza kuku wa Ildefons, sikumfundisha mimi. Asubuhi tulimpeleka kwenye mizani, Vestina akiwa amenishika mkono. Elieza kasoma arobaini na tisa. Kilo tano zaidi! Kila mtu anaona kazi yangu.

Tumerudi nyumbani. Vestina alikuwa amekwenda kuteka maji, mimi nimekaa na simu yake. Joyness akapiga. Akasema tata, ninataka kukuelekeza kipimo cha dawa, Diwani amefika kilo ngapi?

Sasa, Ildefons alikuwa mpakani. Hakuwa anafanya chochote. Alikuwa amesimama tu na masikio yake.

"Hamsini na mbili," nikasema.

Kilo tatu tu! Za heshima. Na angeweza kuwa hamsini na mbili, kama asingekuwa amekojoa njiani.

Joyness akasema kwamba amekwishapita kwa Elieza asubuhi hii, anajua ni arobaini na tisa, na kipimo amemtumia Mama Penina kwa ujumbe. Alitaka tu kunisikia.

Mpakani Ildefons alicheka mpaka akashika mgomba.

Nimemwambia Joyness kwamba amejibu vizuri. Nilikuwa ninampima. Binti ana akili, unaona kabisa amejifunza kitu tangu aanze kuja kwangu. Ila mizani ya Elieza inapunja, hilo nina hakika nalo. Kesho ninakwenda kuirekebisha.